Chupa ya Gundi Badala ya Tairi

Jumamosi

Bado nasikia hasira. Gari jipya kabisa, lakini nilipofungua buti kutafuta tairi la spea nikakuta chupa ya gundi ya kuzibia pancha na kipampu kama cha kuchezea! Eti siku hizi ndivyo yanavyokuja. Upuuzi mtupu.

Tulikuwa tumetoka Izia kwenda Kasense, mimi na mama, kumzika dada yake mkubwa. Jiwe likachana tairi ubavuni. Nilijaza ile gundi, yote ikamwagika barabarani kama uji.

"Mwanangu, watatusubiri kweli?" mama aliuliza.

Nikaanza kupungia kila chombo kilichopita. Tulipopata bodaboda na kufika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Mama hakunilaumu. Alipiga magoti, akaweka kiganja kwenye udongo mbichi.

"Shikamoo dada," alisema. "Nimechelewa."