Chokaa Uliyoiacha Wazi

Mama yangu,

Shikamoo. Najua jibu silipati, lakini ningeanza bila ya kukuamkia ungenigeuzia uso.

Hatujambo sote hapa Mji Mkongwe. Paka wako kahamia kwa jirani wa chini, anakopikwa samaki kila siku, na tukikutana kwenye ngazi hujifanya hanijui. Mimi nshaacha kazi ya hoteli. Siku hizi nnakwenda Fumba, kwenye karakana ya matofali, na kazi yangu ni kusema. Ndiyo, Mama, nalipwa kusema. Cheka tu.

Matofali yenyewe si kama tuliyoyazoea. Dohani ya karakana hutoa hewa ukaa, ile inayojazana angani na kuitia dunia joto. Wenzangu huinasa kabla haijatoka, wakaiingiza kwenye matofali yangali mabichi. Humo hushikana na saruji ikawa jiwe. Matofali ya mwanzo yametolewa bure kujengea chumba cha skuli ya watoto wadogo, maana banda lao linavuja na mvua ikinyesha hurejeshwa makwao. Lakini wazazi wakakataa. Walisema mlango ukifungwa, ukuta utawapumulia watoto sumu. Mimi ndiye niliyetumwa kuwaeleza.

Mara ya kwanza nilikwenda na picha kubwa zenye mishale. Akina mama walinisikiliza kwa adabu, kisha wakanyanyuka mmoja mmoja, huyu ana chungu jikoni, yule ana mgonjwa. Ile adabu yao iliniuma kuliko matusi.

Nikarudi nyumbani nimenuna, nikakaa dirishani penye kijaluba chako cha tambuu, kile ulichowekea majani ya kutafuna, popoo na kikopo cha chokaa. Sijakigusa tangu ulipotutoka. Unakumbuka ulivyokuwa ukinipigia kelele? "Saada, funika chokaa, itakufa!" Kumbe katika maradhi yako wewe mwenyewe ulikiacha kikopo wazi, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukifunika. Chokaa imekuwa jiwe. Mwanzo nililia, nikasema hata hii nayo. Halafu nikajiuliza, imekunywa nini hata ikafa? Imekunywa hewa ukaa ya chumba kile ulimougulia, ile ile ambayo kila mtu huitoa anapopumua. Na aliyekuwa akipumua mle kutwa kucha ni wewe.

Nilikishika kile kijiwe mpaka kikapata joto la mkono wangu.

Asubuhi nikatoa sinia lako la shaba. Nikapanga tambuu na popoo za kuwakirimu watu, chokaa mbichi ya dukani, ndimu, na kikopo chako, nikafunika kwa kile kitambaa ulichokitarizi mwenyewe. Ewe Mama, akili yangu ilikuwa wapi? Mwanamke kashuka kijijini, kavaa vizuri, na sinia la tambuu limefunikwa kichwani. Fumba nzima ikajua imekuja posa. Nafika barazani, mikeka imeshatandikwa, na Bi Mize, mzee ambaye neno lake pale haliangushwi, ananiuliza kwa sauti ya chini bwana mwenyewe ni nani na anafanya kazi gani. Niliposema nimeleta habari za matofali, walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini walikuwa wameshakaa kitako, na tambuu wameshaiona.

Nikawaeleza habari ya chokaa inavyokunywa hewa. Bi Mize akatafuna, akatema pembeni, akasema, "Maneno yako matamu, mwanangu. Lakini hiyo hewa siioni. Nionyeshe kuwa imo."

Nikakata ndimu. Nikaikamulia chokaa mbichi, ikanyamaza kimya, maana hiyo haijanywa kitu. Kilichobaki ni chako. Nikakitazama kwanza, Mama. Nilijua ndimu itakitoa kilichomo, na kikishatoka hakirudi. Akina mama wananitazama, na nyuma yao naliona lile banda na makuti yake yaliyooza.

Nikavunja kipande kidogo, nikakamulia. Kikachemka povu jeupe, kikilia taratibu. Nikainama karibu kabisa, nikavuta pumzi. Wao walidhani nakagua.

Nikawaambia kweli yote. Hewa imo, na haitoki kwa kukaa tu. Hutolewa na kitu kikali kama ndimu, au moto wa tanuri. Nikawaambia pia kwamba matofali haya bado ni mageni kwetu, wenzangu wataendelea kuyapima, na kwamba chumba kimoja cha skuli hakiiponyi dunia. Bi Mize akafikiri kidogo. "Basi tutawakataza watoto kuosha ukuta kwa ndimu," akasema, na baraza likaangua kicheko. Wakakubali, kwa sharti moja tu, kwamba chumba kikimalizika mimi nikae humo na watoto wao, mlango umefungwa.

Nimekaa, Mama. Chumba kimekwisha na kinanukia rangi. Walinibana katikati ya mkeka wakanifundisha nyimbo zao, na mvua ikapiga, na hakuna mtoto aliyerejeshwa kwao. Nilifurahi. Sikujua kama bado naweza kufurahi hivyo.

Nimewaahidi nitarudi kila muhula kukaa nao, na vipimo vikisema kinyume, mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kuwaambia. Na wewe nakuahidi hivyo hivyo, hautasema uongo mdomo huu ulioulea.

Nakuacha hapa, Mama. Mola akupe nafasi na mwanga huko uliko. Kijiwe chako kilichobaki kimo kabatini, mbali na ndimu. Kikopo nimekiosha, nimekitia chokaa mpya, nimekirudisha dirishani tunapokaa sote jioni.

Sikukifunika. Usinigombe. Na sisi tunapumua humu.

Mwanao,
Saada