Tarehe Iliyokukaa Kichwani

Baba Watoto,

Fomu za uraia za binti yako aliyezaliwa ng'ambo ziko kwenye bahasha ya kaki, juu ya friji. Nimetoa kopi mbili za cheti chake cha kuzaliwa. Beba na kitambulisho chako, maana uraia anaupata kupitia kwako. Chai iko kwenye chupa. ~~Mayai jikaangie mwenyewe.~~ Mayai nimeyafunika mezani.

Nimeondoka bila kuaga kwa sababu ya ile fomu. Asubuhi ulipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa ya mama wa mtoto, uliijaza papo hapo, siku, mwezi na mwaka, kalamu haikusita. Na mmeachana miaka kumi na moja! Yangu kila mwaka mpaka nikudokezee.

Mtoto sina neno naye. Kitanda chake nimeshatandika, na masikio yale ni yako, hata ukatae. Wivu wangu ni kwa ile kalamu.

Huko ofisini wakikuuliza tarehe ya kuzaliwa ya mke uliye naye, usinipigie simu. Tazama kalenda yao ukutani. Ni leo.

Mama Watoto