Mikono Yako Kwenye Diski

Bibi yangu, shikamoo.

Nina neno ambalo sijamwambia mtu. Ile DVD yako iliyotazamwa siku ya misa ya mwaka tangu ututoke, watu wote wakamsifu Sista wa parokia, niliitengeneza mimi.

Unamkumbuka mgeni wa parokia aliyekurekodi ukipiga muheme, ngoma yetu ya Wagogo, hapa uani Ihumwa? Ulimzuia mpaka ulipokaza kitenge chako, ukaibana ngoma mapajani, ukasema, "Haya, sasa hiyo mashine yako ijitahidi." Video ilibaki kwenye Mac, kompyuta ya ofisi ya parokia, ambako tangu nimalize kidato cha nne namsaidia Sista kuchapa barua. Baba Mdogo Elia alikuwa ameshawaahidi wenzako wa kikundi cha ngoma, wale wa Gulwe, kwamba wakija kwenye misa watakuona tena. Akanituma nimwombe Sista atutengenezee DVD. Sista alikuwa safarini. Niliona haya kurudi na jibu hilo, nikajaribu mwenyewe.

Mara ya kwanza nilinakili faili kwenye diski jinsi lilivyo. Deki ya nyumbani ikaikataa. Baba Mdogo akaifuta diski kwa shati, akaipulizia, akaigonga deki ubavuni. "Huyo Sista wako katupa sahani tupu!" Nikaichukua diski nikarudi nayo ofisini, bila kumwambia kwamba ni kazi yangu.

Nikasoma maelekezo kwenye Mac, kamusi pembeni. Nikaelewa kwamba deki haisomi kila faili. Lazima video igeuzwe kwanza iwe katika muundo wa DVD. Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima, nami naomba umeme usikatike. Safari hii ulitokea kwenye televisheni, Bibi! Baba Mdogo akapiga makofi. "Tayari hiyo, usiiguse tena."

Haikuwa tayari. Uliponifundisha ngoma ulikuwa ukisema, "Masikio yanadanganywa, tazama mkono." Nikautazama mkono wako: ulishuka, ukagusa ngozi, ndipo mlio ukaja nyuma yake. Wewe hukuwahi kuchelewa hata pigo moja. Wenzako wangeliona hilo kabla chai haijapoa. Nikarudi ofisini, nikagundua nilichagua mfumo wa televisheni za Marekani badala ya PAL, unaotumika kwetu. Nikaigeuza upya tangu mwanzo, na safari hii mkono na mlio vikaja pamoja.

Siku ya misa sebule ilijaa. Ulipoanza kupiga, wale bibi walisogeza viti karibu na televisheni. Kisha mmoja akaanza kupiga mapaja yake, wengine wakamfuata, na hakuna aliyepishana nawe. Bibi Nyemo, yule uliyekuwa ukigombea naye nafasi ya mbele, akafuta macho kwa khanga. "Huyu mwanamke hata akifa anaongoza! Nani katengeneza hii?"

"Sista," Baba Mdogo akajibu.

"Basi huyo Sista kalelewa na mpiga muheme."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la chai, nimesimama wima kuliko siku zote za maisha yangu, kisha nikaingia kugawa chai.

Sista anarudi kesho. Baba Mdogo ameshamfunga miguu jogoo wa shukrani, na atakayembeba tukienda kwake ni mimi. Nimeamua nitasema, kwa sauti yangu, mbele yao wote wawili. Nipe mpaka kesho tu. Kwa leo usimwambie mtu huko uliko, hata Babu. Akicheka yule, atasikika mpaka huku.

Ni mimi mjukuu wako,
wa mwisho uliyemshikisha ngoma.