Mahali pa Kidani

Mke wangu Bi Nassra,

Salamu kutoka Makunduchi. Mimi mzima, na mwani wako nshauanika, tena vizuri kuliko wewe. Mwanetu Sabri kanambia daktari huko mjini kasema uvimbe huo wa tezi ya shingo unawapata zaidi wanawake. Kwenye daftari lake mko wanawake tisa na mwanamume mmoja. Basi mmoja huyo kwa nini awe Hamed, aliyekuposa kabla yangu? Nasikia mnakaa benchi moja, mnacheka. Ndiyo maana karatasi ya kukubali upasuaji niliikataa.

Uvimbe niliuona mimi kwanza, nilipokufunga kidani. Leo karatasi ile nshaitia dole gumba. Daktari akate uvimbe tu, mahali pa kidani apaache. Na Hamed apangiwe siku nyingine.

Mumeo Mcha, nimeandika mwenyewe, hakunisaidia mtu.