Tone la Damu Nililokataa Kutoa

Jumamosi. Joto zito hapa Houston tangu asubuhi, mbingu nyeupe, hakuna upepo. Naandika kwenye simu kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia; wa kushoto umeunganishwa na mashine inayosafisha damu yangu. Figo zimekwisha. Daktari ananihesabia miezi, nami siku hizi simbishii.

Jana nilimwogopa binti yangu.

Furaha ana miaka kumi na minane. Tulitoka mtaani kwetu Sharpstown alfajiri, yeye akiendesha, kwenda kutembelea chuo kimoja upande wa Dallas, mwendo wa saa nne. Anataka kusomea kazi ya maabara. Lawama ni yangu: nilifundisha biolojia miaka mingi kule kwetu Uvira, kabla ya vita, na tangu akiwa mdogo nimekuwa nikimchorea seli nyuma ya bahasha.

Alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu kutoka jengo hadi jengo. Ndani ya maabara, mwanafunzi aliyetuongoza akawakaribisha wageni wapime kundi la damu. Tone moja la kidole, kadi ndogo, dakika mbili. Furaha alitangulia. Kadi ikasema O. Aliitazama muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Njo, Papa. Zamu yako."

Mimi ni AB. Mtu wa AB hazai mtoto wa O. Nilimfundisha mwenyewe, mezani kwetu, kwa maharagwe ya rangi mbili.

Nikasema naogopa sindano.

"Wewe, Papa?" Aliutazama mkono wangu wenye makovu, unaochomwa mara tatu kila juma. "Wewe ndiye unaogopa sindano?"

Wageni wakacheka. Yeye hakucheka.

Tulionyeshwa maktaba, tukaonyeshwa mabweni. Hakuuliza swali hata moja, yeye aliyekuja na maswali ya kujaza karatasi mbili nzima. Nilisikia tu pumzi yake nyuma ya kichwa changu.

Tukiwa njiani kurudi, aliingiza gari kwenye kituo cha mafuta, akalisimamisha kivulini, asishuke. Nikajua siwezi kufika nyumbani na uongo huu. Nikamwambia kwamba mimi na marehemu mke wangu hatukumzaa. Vita vilipotutawanya tulimkuta kando ya barabara, amelazwa juu ya kitenge, hana mtu. Kwenye kambi ya wakimbizi tukamwandikisha kuwa wetu, kwa jina tulilompa sisi, Furaha, ili apate chakula na asitenganishwe nasi.

"Minajua," akasema.

Yeye ndiye mkalimani wangu hospitalini tangu akiwa na miaka kumi na miwili. Sisi tuliokuja hapa wazee tumewafanya watoto ndimi zetu, tukasahau kwamba wana macho pia. Kundi langu la damu amelisoma kwenye karatasi nyingi. Lake alilipima shuleni miaka mitatu iliyopita. Jana alijua kadi itasema nini. Alikuwa ananisubiri niseme.

Nilitaka tuishie hapo. Nakiri, nilitaka sana.

"Mama aliyenizaa alikufa?" akauliza.

Jibu nilikuwa nalo tayari kwa miaka kumi na saba: ndiyo, alikufa vitani. Lilifika mpaka kwenye meno.

Nikasema sijui.

Nikamweleza. Mwaka wetu wa kwanza kambini, mwanamke alipita kwenye foleni ya chakula akitafuta mtoto wa kike mwenye kovu la moto kwenye kisigino cha kushoto. Mtoto huyo alikuwa mikononi mwangu. Mke wangu alinitazama. Nikamvalisha mtoto soksi, katika jua kali ambamo hakuna mtoto mwingine aliyevaa kitu miguuni. Yule mwanamke alipita hatua tano mbele yetu, akaenda zake. Tulikuwa tumekaa katika ndoa miaka kumi na tisa bila mtoto. Hiyo ni sababu. Si udhuru.

Furaha hakulia. Aliinua mguu wa kushoto, akakishika kisigino juu ya kiatu, akakaa hivyo.

"Utaniandikia yote," akasema. Hakuniita Papa. Akawasha gari.

Leo amenileta kama kila Jumamosi. Amenifunika blanketi kwa sababu mashine hutia baridi, akaniwekea daftari mapajani. Atalichukua saa tano. Amesema wapo watu ambao kazi yao ni kutafuta jamaa waliopotezana, na atawapelekea.

Ningeweza kuandika kidogo. Mzee, kumbukumbu zimefifia, nani angebisha? Mama yake akipatikana, huenda miezi niliyobakiza nikaimaliza bila binti.

Niliiweka simu chini kwa kitambo, nikafungua daftari. Nimeanza na lile ambalo hata jana nilishindwa kulitamka. Yule mwanamke hakuwa anatafuta kimya kimya. Alikuwa akiita, foleni nzima, mpaka sauti ikamkauka.

Alikuwa akiita Esta.