Msamaha Waliokuandikia, Mama Jedida

Mwaka umetimia sasa, Mama, tangu utuache, na bado kengele ya Misa ya kwanza ikilia tunakutazamia utokee mlangoni, leso mbili, rozari shingoni: "Haya, Mungu hangojei wavivu!"

Ulikuwa Mwaata, wa jamii ya wawindaji, binti wa mzee Jilo mrina asali, na ulisali kuliko wengi waliokuita Msanye kwa dharau. Mgonjwa gani kijijini hakuonja uji wako? Watoto wa Komunyo ya kwanza ulikuwa ukiwafundisha wewe, chini ya mwarobaini wa kanisa, na fimbo usiyoitumia.

Lakini wazee wako walizikwa kwenye kichaka ambacho parokia ilikitwaa zamani, ikakifanya shamba, ikazungusha seng'enge. Uliomba jambo moja tu: lango lifunguliwe, Waata wazuru makaburi yao.

Siku ya Sala ya Upatanisho kati ya parokia na Waata wageni walifika, kwaya ikaimba, ukapewa karatasi usome mbele ya watu: "Sisi Waata tumewasamehe." Ukaitazama, ukamgeukia padri.

"Baba, na lile lango?"

"Mama, leo ni siku ya sala. Hayo ya lango tutayazungumza baadaye."

"Basi na msamaha wangu, Baba, tutauzungumza baadaye."

Ukarudi kuketi.

Ukanyang'anywa darasa la watoto. Wanajumuiya wakaacha kuja kusali kwetu, na ndugu zako wengine wakasema umewaaibisha. Hata hivyo Misa hukukosa. Ulikaa benchi la nyuma, ukapokea Komunyo, ukarudi nyumbani bila wa kukuamkia.

Baba yetu Menza alikuuliza mbona hukusoma tu, yaishe.

"Nikisoma," ukamjibu, "yataisha kwao."

Ulipozidiwa uliomba uzikwe karibu na babako. Parokia ikakataa. Umelala Sabaki, kwa wakwe zako, mbali na wenu wote. Mahubiri ya mazishi yalisifu unyenyekevu wako. Binti yako Hannah aliinuka akatoka kabla hayajaisha.

Juzi padri alituletea habari kwamba katika Misa ya Upatanisho ya mwaka huu jina lako litatajwa miongoni mwa "mashahidi wa upatanisho". Mwanao Karisa alimwambia lisitajwe. Leo tunakusalia wenyewe, hapa nyumbani.

Unakumbukwa na mumeo Menza, wanao Karisa na Hannah, mkaza mwanao Vivian, na wajukuu wanaokuulizia.

Hatutakusahau, Mama. Wala hatutasamehe kwa niaba yako.