Ile Prosesa ya Mistari Mirefu

Uvira, Mulongwe

Yaya Nyota, dada yangu mkubwa mpendwa,

Kabla hujaniuliza kama ninakula, nianze na hili: ndugu yako ana bahati ambayo watu wa Uvira wanaionea wivu waziwazi. Nimekuwa chefu, mkubwa wa studio. Chefu kabisa, yaya, funguo mfukoni, ordinateri, kompyuta mpya, mezani, na patroni mwenye studio haamui kitu bila kuniuliza mimi. Wale wa Kalemie walionicheka nikirudia darasa, wasalimie kwa sauti kubwa.

Na weye, goti linaendeleaje? Shemeji alipata nyavu? Huku samaki wa ndagala wapo, lakini wanauzwa bei ya ng'ombe, maana barabara ya bonde imefungwa, na mizinga tunaisikia upande wa Luberizi mpaka sahani zinatetemeka. Usiogope. Mimi nimekaa Bujumbura, nimekaa Dar, siwezi kulala chini ya kitanda kwa sababu ya kelele tu. Ninalala huko kwa sababu kuna ubaridi mzuri.

Sasa nikueleze habari ya hii mashine, maana imenichosha roho.

Studio yetu inatengeneza video za harusi na za matanga. Mashine ya zamani ilipokufa, mchuuzi mmoja alileta ordinateri mbili kutoka ng'ambo ya mpaka, sura moja, rangi moja, ila prosesa tofauti, yaani ule ubongo unaofanya kazi ndani. Akatupa na karatasi za internet. Wazungu walizipima zote mbili kwa programu za kazi, mara video, mara picha, na kwa kila kazi kila prosesa ikachorewa mstari wake. Patroni wetu, Papa Wilondja, akanigeukia. "Kashindi, weye ulifika Dar. Soma."

Chini ya mistari kulikuwa na Kiingereza kidogo kama sisimizi. Kiingereza changu, yaya, ni cha kusalimia na kuagiza chai. Lakini ningesema hivyo mbele ya mchuuzi? Nikaweka kidole kwenye mistari mirefu.

"Papa, hii inamshinda mwenzake kila mahali. Toka lini kirefu kikawa kibaya? Kitenge kirefu, samaki wa mukeke mrefu, maisha marefu."

Watu wakacheka, Papa Wilondja akalipa. Mchuuzi alitabasamu tu, nilidhani ananiheshimu. Ile nyingine akaichukua Chiza, jirani yetu mwenye studio ya pembeni.

Siku zile akaingia Mama Nehema. Alikimbia Luberizi na watoto wake, na kaseti moja imefungwa ndani ya kitenge: harusi yake. Mume alibaki kule, wamemzika pembeni ya shamba la mpunga. Picha zote ziliungua pamoja na nyumba. Alitaka ile harusi niitoe kwenye kaseti, niiweke ndani ya simu, ili watoto wamwone baba yao popote watakapokimbilia tena. "Huyu mdogo ameanza kusahau sauti yake," akasema. Nikamwambia, mama, kesho utaipata, na usilete hata senti.

Kuitoa kwenye kaseti kulikwenda vizuri. Kazi ngumu ilikuwa kuigeuza iingie kwenye simu. Yaya, umeme hakuna. Tunawasha jenereta mchana tu, maana mafuta ni adimu tangu mpaka ufungwe, na ikifika saa yake Papa Wilondja anaizima, hakuna kubembeleza. Video ikikatika katikati, unaanza upya. Siku ya kwanza ilizimwa. Ya pili, ilizimwa. Mama Nehema anakaa kwenye benchi, anaangalia asilimia zinavyotambaa, kisha anaondoka. Nikalaumu joto, nikalaumu kaseti. Nilifungua mashine nikaipuliza vumbi ambalo halikuwemo.

Halafu Mama Nehema akaja akasema: "Kesho tunapanda boti, tunashuka upande wa Baraka. Kama haiwezekani, unirudishie kaseti yangu."

Chiza alikuwa ananiambia kila siku tuzipime mashine mbili kwa kazi moja, nami nilikuwa nakataa, maana moyoni nilishaanza kuhisi kwamba nilichagua vibaya. Ile siku nikabeba yangu mpaka kwake. Faili moja, ile harusi ya Mama Nehema, programu moja, tukabonyeza pamoja. Mtaa mzima ulijaa mlangoni kama kwenye mechi. Kinyozi wa mtaa alishangilia yangu. Ya Chiza ikamaliza. Yangu hata nusu haikufika.

"Kashindi, ya kwako iko inatembea na mguu mbovu," kinyozi akasema.

Chiza akachukua ile karatasi, akaisoma pole pole. "Hii mistari ni muda ambao prosesa inachukua mpaka imalize kazi. Mufupi ndiyo muzuri. Weye ulichagua ile inayochelewa kila mahali."

Papa Wilondja alikuwa amesimama nyuma yangu. Akachukua karatasi mkononi mwa Chiza, akaikunja, akaitia mfukoni. Mchuuzi yuko ng'ambo, mpaka umefungwa, mashine hairudi.

Harusi iliyotoka kwenye mashine ya Chiza tukaiweka kwenye simu ya Mama Nehema, akaishika kwa mikono miwili. Mume wake anacheza, suruali kubwa, anakanyaga shela ya bibi harusi, anaomba samahani, na sauti inasikika vizuri. Yule mtoto mdogo akasema, "Huyu papa anacheza vibaya." Mama yake akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake waliondoka.

Barua hii naituma na boti la kutoka Kalundu. Unisalimie shemeji, shangazi wetu anayekausha ndagala, na yule jirani mzee aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Mwambie mama mkubwa aendelee kuniombea, asichague siku.

Yaya, ile bahati niliyoandika pale juu ni uongo. Sijawahi kuwa chefu, na tangu siku ile sina kazi.

Ndugu yako mdogo,
Kashindi